Siri ya Kitovu: Mipaka ya Mantiki katika Utenzi wa Fumo Liyongo

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Utenzi wa Fumo Liyongo, liko moja ambalo wanafunzi hulijibu kwa wepesi unaotia shaka. Huulizwa: Liyongo alianguka kwa sababu gani? Majibu huja yamepangwa kwa nambari: kiburi, kujiamini kupita kiasi, wivu wa mfalme, tamaa ya mwana, usaliti. Kila sababu hupewa alama yake, na jumla ya alama ndiyo inayokuwa maelezo ya kifo. Makala haya yanashughulikia tukio moja tu la utenzi huo, nalo ni lile la baba kumfunulia mwanawe kitu pekee kinachoweza kumuua. Yanadai kwamba tukio hilo halifikiki kwa njia ya kutafuta sababu, na kwamba utenzi wenyewe umejengwa kwa namna inayomleta msomaji hapo baada ya kumwonyesha, kwa mifano isiyo na dosari, nguvu zote za akili inayopanga na kukisia.

Hadithi ya Liyongo ni mali ya pwani yote ya kaskazini mwa Kenya, ila shina lake liko katika bonde la chini la Mto Tana. Majina yanayotajwa na wasimulizi ni Shaka, Ozi, Ungwana na Kipini, na kaburi la shujaa hutajwa kuwa huko Ozi, karibu na mlango wa mto. Leo Ozi na Kipini zimo katika eneo la ubunge la Garsen, Kaunti ya Tana River. Kuhusu wakati alioishi, wataalamu wametaja karne zilizo mbalimbali mno hata haifai kuegemea mojawapo. Maandishi ndiyo yenye tarehe. Edward Steere alichapisha masimulizi ya nathari katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili cha 1870. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mtunzi, mwandishi wa hati na mchongaji, alitunga utenzi wake mwaka 1913. Lyndon Harries aliuingiza katika mkusanyiko wake wa 1962, naye M. M. Mulokozi akaufikisha kwa wasomaji wengi wa Kiswahili katika Tenzi Tatu za Kale, 1999. Hoja za makala haya zinategemea zaidi utenzi wa Kijumwa, na masimulizi ya Steere yanaletwa pale tofauti baina ya hayo mawili inapokuwa na maana.

Neno mantiki linatumika hapa kwa maana yake ya kawaida: mwendo wa fikra unaotoka katika jambo linalojulikana na kufikia lisilojulikana kwa ngazi ambazo mtu mwingine anaweza kuzipanda na kuzikagua. Waswahili hawajapata kuidharau akili ya namna hiyo. Husema akili ni mali. Lakini husema pia kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na methali hii ya pili haikutungwa na watu wavivu wa kufikiri.

Akili isiyoshindwa

Nusu ya kwanza ya utenzi ni darasa la mantiki. Liyongo anapokuwa kifungoni Pate, Saada, mjakazi wa mama yake, humletea chakula, nao walinzi hukinyang'anya kila kinapokuwa kizuri. Mfungwa hapotezi nguvu zake katika malalamiko, anakusanya anayoyajua. Walinzi hula kilicho kizuri. Walinzi hukidharau kilicho kibaya. Basi kitu kinachotakiwa kimfikie sharti kitiwe ndani ya kibaya. Anatunga wimbo unaomwagiza mama yake, Mbwasho, afanye mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Wimbo huo walinzi wanausikia kwa masikio yao wenyewe, na kwao ni wimbo tu. Baadaye panachezwa ngoma, na mlio wa ala na vifijo vya wachezaji unaufunika mlio wa tupa inayokereza chuma. Kila hatua imekaa juu ya hatua iliyotangulia. Hakuna muujiza wala dua iliyojibiwa kwa ghafla, na hata nguvu za mwili, ambazo ndizo sifa ya kwanza ya Liyongo, hazitumiki mpaka akili imekwisha kumfungulia njia.

Kisa cha mikoma ni kizuri zaidi kwa sababu humo mantiki mbili zinapigana. Watu wa mwituni, ambao utenzi unawaita Wasanye na Wadahalo, wamekubali malipo ya mfalme ili wamuue. Wanamwalika kula kikoa, na chakula chenyewe ni makoma. Kila mtu atapanda mkoma kwa zamu yake na kuwaangulia wenzake. Mpango huu umefungwa kila upande. Aliyekubali kula cha wengine hawezi kukataa zamu yake, na aliye juu ya mkoma hana upinde mkononi wala mahali pa kukimbilia. Mtu aliyepata kusimama chini ya mkoma mrefu, kama ile inayoonekana na msafiri katika bonde la Tana, anaelewa mara moja kwamba mwenye kupanda amekwisha kujitia kitanzini. Liyongo haikatai kanuni. Anaitekeleza kuliko ilivyotakiwa: anawauliza ni makoma yapi wanayoyataka, kisha anayaangusha kwa mshale akiwa amesimama chini. Kanuni ilidai makoma. Haikudai miguu yake iache ardhi. Hila ya wenzake inavunjika kwa kufuatwa neno kwa neno.

Joseph Mbele, ambaye ameuchunguza utenzi huu kwa miaka mingi, amefanya vyema kusisitiza upande huu wa ujanja katika tabia ya Liyongo, pamoja na kazi ya wanawake katika kuokolewa kwake. Ni kweli kabisa kwamba bila Saada na Mbwasho hakuna shujaa. Linaloongezwa hapa ni dogo: ujanja huo wote ni matayarisho. Msanii anamzoesha msomaji kumwona Liyongo kuwa mtu ambaye hakuna awezaye kumzidi kwa kukisia nia ya mwingine. Anazisoma nia za walinzi kutokana na kinywa chao, na za Wasanye kutokana na mwaliko wao. Msomaji aliyekwisha kuyaona hayo hawezi tena kukubali kwa urahisi kwamba mtu huyu huyu alidanganywa na kijana.

Swali la mwana

Mwana huyo ana mama wa Kigala, kama utenzi unavyowaita watu ambao wengi wao katika bonde la Tana leo wanajulikana kwa jina lao wenyewe, Waorma. Jina Gala wao hawalipendi, na hapa linatajwa kwa kuwa ndilo la matini. Wagala walipozisikia sifa za Liyongo walitamani mbegu yake iingie katika ukoo wao, wakamwoza binti, akazaliwa mwana aliyefanana na baba. Kwa hiyo kuzaliwa kwa kijana huyu kulianza kama hesabu ya watu wazima, na kifo cha baba yake kitakuwa hesabu nyingine. Mfalme anamwita, anamwahidi cheo pamoja na binti yake, na kumtuma akaulize ni kitu gani kinachoweza kumuua Liyongo.

Kijana anauliza. Hapa utenzi haumwachi Liyongo katika ujinga. Baba anahisi kwamba nyuma ya swali yuko mtu mwingine, na kwamba mtoto amehadaiwa. Kisha anamjibu kwa ukweli: ni sindano ya shaba, ichomwe kitovuni.

Wahakiki wametoa maelezo ya namna tatu. Ya kwanza ni kiburi: shujaa alijiona hafi. Maelezo haya yana kasoro iliyo wazi, maana mtu anayejiona hafi hawezi kutaja kwa usahihi namna hiyo kitakachomuua. Kiburi kingalijibu kwamba hakuna. Ya pili ni kanuni ya visa vya mashujaa. Husemwa kwamba kila shujaa wa aina hii ana mahali pamoja panapopenyeka, na sharti siri itoke ili kisa kiishe. Samsoni na Siegfried huletwa kuwa mashahidi. Ulinganisho huo unafaa, ila unaonyesha kinyume cha unavyotumiwa. Katika Kitabu cha Waamuzi Samsoni anamdanganya Delila mara tatu, na anasema kweli baada ya kusumbuliwa siku nyingi hata roho yake ikachoka. Katika utenzi wa Kijerumani, Kriemhild anaitoa siri ya mumewe kwa Hagen akidhani anamlinda. Mmoja amechoshwa, mwingine hakujua. Liyongo hakuchoshwa, naye alijua. Kanuni ya visa inaweza kueleza kwa nini siri ilipaswa kutoka. Haielezi kwa nini ilitoka kwa njia hii isiyofanana na zile nyingine.

Maelezo ya tatu yalipendwa sana katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1970, nayo yanalitazama tukio kwa jicho la siasa: tabaka linalotawala humnunua aliye karibu kabisa na adui yake. Hilo ni kweli, na utenzi unalisema bila kuficha. Ila ni maelezo ya tendo la mfalme na tendo la mwana. Yakifika kwa baba yananyamaza, na anayeyashikilia hulazimika kurudi kwa kiburi au kwa uzembe. Hapo ndipo huletwa methali ya kikulacho ki nguoni mwako, na mjadala huonekana umekwisha. Methali hiyo inamwonya mtu asiyejua nani anayemla. Kuituma kwa Liyongo ni kumpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Basi matini yenyewe ina nini? Kuna swali, kuna kutambua, kuna jibu. Baina ya kutambua na jibu hakuna ngazi. Kama liko neno linaloviunganisha, ni lile la kumwita kijana mwanangu. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba hiyo ndiyo sababu: alimpenda, kwa hiyo alimwambia. Pingamizi hili linastahili jibu la uangalifu, kwa kuwa linaelekea kuirudisha mantiki kwa mlango wa nyuma. Jibu ni kwamba upendo huo huo ungaliweza kumfanya baba afiche. Baba anayempenda mwanawe na kujua kwamba ametumwa kuua, angalimficha siri ili kumwepusha na dhambi ya kumuua mzazi. Angalimpa siri ya uongo, kama Samsoni, na hivyo angaliwaokoa wote wawili. Kauli moja ya kwanza inayozaa mahitimisho mawili yanayopingana haiwezi kuitwa hoja. Kumwita mtu mwanangu si kutoa sababu ya kumwambia kweli. Ni kutaja uhusiano ambao ndani yake Liyongo hataki kuitumia ile akili aliyoitumia kwa walinzi na kwa Wasanye. Anayo, na anaiweka chini.

Kwa nini aiweke chini, utenzi hausemi, na thamani yake kubwa iko katika kutosema huko. Bahari ya utenzi, kwa mishororo yake mifupi ya mizani 8, inafaa kusimulia matendo na maneno yaliyosemwa. Haina nafasi ya mtu kujisemea moyoni kwa kurasa nyingi kama katika riwaya. Msomaji aliyelelewa na riwaya huona hapo pengo na kuharakisha kulijaza. Lakini kila anachokitia humo, iwe kiburi, uchovu au kutaka kufa, kinakuwa kidogo kuliko tendo lenyewe.

Kitovu nacho wahakiki wamekipita kwa haraka. Mahali pa udhaifu pa mashujaa wengine ni kisigino, au baina ya mabega, au nywele. Ni mahali palipobaki kwa bahati, kwa jani lililoanguka au mkono ulioshika. Kitovu si bahati. Ni alama ambayo kila mtu anayo ya kwamba aliwahi kufungwa kwa mwili wa mwingine. Katika pwani na bara pia, kumwuliza mtu kitovu chake kilizikwa wapi ni kumwuliza kwao ni wapi. Basi mwili wa Liyongo haupenyeki isipokuwa pale ulipofungwa kwa wazazi, na anayeijua njia hiyo ni mwana peke yake. Hapa taswira imefanya kazi ambayo hoja isingeiweza: imeonyesha kwamba siri ya kifo na uhusiano wa damu vilikuwa mahali pamoja tangu awali. Aliyeulizwa na mwanawe kuhusu kitovu hakuwa na mahali pa kusimama nje ya uzazi ili apime kama ajibu au asijibu.

Yafaa kukumbuka hapa kwamba Euphrase Kezilahabi, katika tasnifu yake ya udaktari aliyoitoa Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, aliulaumu uhakiki unaomweka msomaji upande mmoja na kazi ya sanaa upande wa pili kama kitu cha kupimwa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ziliwachosha wasomaji wengi waliotaka kujua kila tukio lilisababishwa na nini. Walidhani ugumu huo ni jambo la kigeni lililoletwa na usasa. Utenzi wa Liyongo unaonyesha kwamba si ugeni. Tofauti ni kwamba Kezilahabi aliivunja mantiki kwa makusudi na kwa kelele, ilhali Kijumwa anaiheshimu hadi mwisho wa eneo lake, kisha anapita bila kutangaza. Namna ya pili ni ngumu zaidi, na yamkini ndiyo maana haikuonekana.

Kisimani

Kijana anangoja baba alale, anamchoma, anakimbia. Liyongo anaamka, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani nje ya mji, anapiga goti, anapachika mshale, na katika hali hiyo anakata roho. Watu wa mji wanamwona na hawathubutu kusogea. Maji hayatekwi.

Tukio hili husomwa kama ukuzaji wa sifa za shujaa, kwamba hata maiti yake inaogopwa. Ni kweli, ila lina jambo jingine. Watu hawa wana ushahidi wote wanaouhitaji. Mtu asiyekula, asiyesema wala kusogeza mkono tangu alipoonekana hawezi kuwa hai. Hata mtoto angeweza kulitoa hitimisho hilo. Mji mzima unashindwa kulitoa, na unaona ni heri kiu. Katika nusu ya kwanza mantiki ilishindwa na mtu mmoja aliyekuwa nayo zaidi. Hapa inashindwa na hofu ya watu wasiopungukiwa na akili. Utenzi unalileta jambo hilo bila kuwacheka, ingawa msikilizaji ana ruhusa ya kutabasamu kidogo.

Ndipo anapoitwa mama. Wazee hawamwombi Mbwasho akachunguze kama mwanawe yu hai. Wanamwomba akambembeleze aondoke ili watu wapate maji. Naye anakwenda na kuimba. Katika masimulizi ya Steere anamfikia, anamshika kumtuliza kwa tungo, na mwili unaanguka. Hapo ndipo anapojua.

Ulinganisho wa wimbo huu na ule wa gerezani haujapewa nafasi unayostahili. Wimbo wa gerezani ulikuwa barua. Ulikuwa na mpelekaji, mpelekewa, maagizo na siri. Kila neno lilikuwa na kazi, na kazi ilipokwisha wimbo ulikuwa umetimiza haja. Uliimbwa na mwana ili mama asikie. Wimbo wa kisimani unaimbwa na mama ili mwana asikie, na mwana hawezi kusikia. Hauna siri ndani yake wala agizo linaloweza kutekelezwa. Hata hivyo ndio pekee unaomfikia mtu ambaye mji mzima ulishindwa kumkaribia. Anayedai kwamba ushairi wa Kiswahili wa kale ni wa mafunzo tu, kwamba daima hubeba ujumbe unaoweza kutolewa na kuandikwa kando, na autafute ujumbe wa wimbo huo.

Bonde la Tana lina mfano mwingine wa jambo hili, nao unajulikana na kila Mkenya bila kujua kwamba anaujua. Wimbo wa taifa la Kenya, ulioanza kutumika wakati wa uhuru mwaka 1963, umetumia lahani ya bembelezi la Wapokomo, lililotolewa na Mzee Meza Galana Moroa wa Tana River kwa kamati ya wanamuziki waliopewa kazi hiyo. Miongoni mwao walikuwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume. Maneno mapya yalikuwa sala. Maneno ya awali yalikuwa ya mama anayemtuliza mtoto anayelia. Serikali iliyokuwa inazaliwa ilikuwa na hoja nyingi za kujieleza kwa wananchi wake, za katiba, za ardhi, za kodi. Ilipotaka kitu cha kuwasimamisha watu wima pamoja, ilikwenda kukitafuta kwa mama aliyekuwa akimwimbia asiyeelewa neno hata moja. Mtoto mchanga hashawishiki kwa hoja. Sauti huingia kwake kwa njia nyingine, na njia hiyo haifungwi mtu anapokua.

Mfano wa kinyume nao upo. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo iliyokuwa ikishikwa na wazee, ilichukuliwa na maafisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na kuishia British Museum, London. Huko ni kifaa chenye nambari. Kila linaloweza kusemwa juu yake kwa mantiki ya makumbusho, yaani mti wake, ngozi yake na vipimo vyake, linaweza kuwa sahihi, na hakuna hata moja linalogusa kwa nini wazee wangali wanaiulizia.

Haifai kusoma kisa cha kisima katika eneo hili bila kukumbuka kwamba maji si taswira tu. Kati ya Agosti 2012 na mapema mwaka uliofuata, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma, katika vijiji kama Riketa na Kilelengwani. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Jaji Grace Nzioka. Sababu zilizotajwa na watu wa pande zote zilikuwa za kweli na za zamani: mashamba ya ukingoni, malka za kupitishia ng'ombe kwenda mtoni, upimaji wa ardhi, siasa za kura. Kila upande ulikuwa na orodha yake, na orodha zote mbili zilikuwa na mantiki. Ndipo utenzi unapomsaidia msomaji wa Garsen kuliko unavyomsaidia msomaji wa Nairobi. Hauzikanushi orodha. Unamkumbusha tu kwamba katika kisima cha Liyongo waliokuwa na kiu hawakuyafikia maji kwa kuwa na hoja iliyo bora, na kwamba aliyetumwa alikuwa mama wa maiti.

Miisho miwili

Kuhusu mwisho wa mwana, Steere na Kijumwa hawakubaliani, na tofauti yao ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Katika masimulizi ya 1870 kijana aliyeahidiwa ufalme anakamatwa na kuuawa. Huo ni mwisho wa mantiki, mantiki ya watawala hasa: aliyeweza kumuua baba yake hawezi kuaminiwa na mfalme yeyote, na ahadi iliyotolewa kwa hila hulipwa kwa hila. Msikilizaji anaridhika kama anayeona hesabu imekubali. Kosa limepata malipo, na fitina imemla mwenyewe.

Kijumwa hakuuchukua mwisho huo. Katika utenzi wake kijana anarudi kwa wajomba zake Wagala, nako hapati makao; wao waliitafuta mbegu ya shujaa na wamerudishiwa muuaji wa shujaa. Maradhi yanamshika, anakufa. Hakuna hakimu, hakuna upanga. Utenzi hausemi ugonjwa ni upi, na anayetaka kuupa jina la kitabibu atakuwa anafanya lile lile lililofanywa na wenye kuhesabu sababu za kuanguka kwa baba. Kijana alikuwa na hoja nzuri alipokwenda Pate: cheo, mke, na baba ambaye hakumlea. Hakuna mtu anayezipinga hoja hizo katika utenzi. Hazikukanushwa na neno lolote, nazo zikamwacha bila pa kuishi. Mwili wake unafanya kazi ambayo akili yake haikuifanya alipouliza swali.

Hapo unaonekana pia ulinganifu uliofichika baina ya baba na mwana. Baba alijua na akasema, na kujua kwake hakukumzuia. Mwana alipata alichokijua, na kujua kwake hakukumfaa kitu. Wote wawili wamefika mahali ambapo maarifa yamekamilika na jambo bado. Wahakiki wanaoufundisha utenzi huu kwa orodha ya makosa ya shujaa wanafundisha, bila kukusudia, kwamba baba alikosea kumwambia mwanawe kweli, na kwamba mtu mwenye busara angalimdanganya. Kijana wa kidato cha nne anayeandika kwamba kosa la Liyongo ni kumwamini mtoto wake, akapewa alama, ameondoka na kitu ambacho utenzi haukumpa.

Bado kuna sehemu moja ya habari hii ambayo matini zilizopo hazina. Zote zimetoka upande wa Waswahili. Mwana huyu alikuwa pia mtoto wa mwanamke ambaye utenzi haukumpa hata jina, na aliyebaki na mambo mawili ya kulilia, mume na mwana. Mbwasho alipewa wimbo. Mama wa kijana hakupewa neno. Waorma wangali wanaishi kando ya mto ule ule, wana nyimbo zao na wasimulizi wao, nao hawajaulizwa vya kutosha kama upande wao hadithi hii ilipata kusimuliwa, na kwa sauti ya nani.